King James aliwapa moyo Wakatoliki, akawapa moyo Wapuritani, mwisho wa siku akategewa mapipa 36 ya baruti

Mtunza_Kumbukumbu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna uzi jana watu walikuwa wanabishana kuhusu Biblia ya King James (ile tafsiri ya Kiingereza ya 1611), mmoja anasema mfalme mwenyewe ndo aliiandika, mwingine anasema alichakachua maandiko kwa faida yake, nikasoma nikaona hii stori watu wanaishika mkiani. Ile Biblia imezaliwa kwenye ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa pande tatu, mfalme James wa Uingereza katikati, Wapuritani (Waprotestanti waliotaka kanisa liachane na kila kinachonukia Roma) huku, Wakatoliki kule, na kabla miaka miwili haijaisha tangu kikao kilichoizaa nusura Bunge zima la Uingereza lirushwe hewani. Ni ndefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya asije akasema hakuambiwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kupinga ajipange. Watu wanadhani ulikuwa ugomvi wa misa, rozari na sanamu. Hivyo vilikuwepo na watu walivifia kabisa, ila kilichomnyima James usingizi ni kitu kingine, siku mfalme akisema hivi na kanisa likasema vile, raia anamsikiliza nani? Na hapo Mpuritani na Mjesuiti (mtu wa shirika la mapadri Wakatoliki walio watiifu sana kwa Papa), ambao wenyewe kwa wenyewe hawapikiki chungu kimoja, walikuwa wanampa jibu lile lile.

Turudi nyuma kidogo. Mfalme Henry wa Nane mwaka 1534 anatangazwa mkuu wa kanisa la Uingereza, Papa nje. Mwanae Edward akavuta kwenye Uprotestanti zaidi, akaja Mary 1553 akarudisha Ukatoliki na kuchoma moto Waprotestanti kama 280 hivi ndani ya miaka mitano, kisha 1558 akaingia Elizabeth gia ikabadilishwa tena. Yaani mtu aliyezaliwa 1530, hajafika hata miaka 30, serikali imeshamgeuzia dini mara nne na hakuna aliyemuuliza anaonaje.

Elizabeth mwanzoni hakuwa mkali sana. Sheria ya 1559 ilisema asiyeenda kanisani Jumapili anatozwa peni 12. Kilichoharibu ni waraka wa Papa Pius wa Tano mwaka 1570, alimtenga malkia na kanisa halafu akawaambia raia zake kwamba hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Sasa wewe ni mkulima Mkatoliki uko zako kijijini huna habari na siasa, kuanzia siku hiyo serikali ikikuangalia inaona mhaini mtarajiwa. Mwaka 1581 faini ikapandishwa mpaka pauni 20 kwa mwezi, hela ambayo mtu wa kawaida haioni hata kwa mwaka mzima, na 1585 ikapita sheria kwamba padri aliyesomea nje akikutwa nchini ni mhaini, na anayemficha naye ananyongwa.

kijana_wa_Keko

Nimekaa pale mkuu, shusha

Bi_Mkubwa74

Hao mapadri walikuwa wanafichwa wapi sasa na nyumba zinapekuliwa?

Mtunza_Kumbukumbu

Bi Mkubwa shikamoo. Kulikuwa na fundi seremala mmoja anaitwa Nicholas Owen, mfuasi wa Wajesuiti, kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye majumba ya matajiri Wakatoliki anajenga vijishimo vya siri, chini ya ngazi, nyuma ya mabomba ya moshi, ndani ya ukuta. Anafanya kazi usiku peke yake ili hata watumishi wa nyumba wasijue. Askari walikuwa wanakuja na vipimo, wanapima chumba kwa ndani na kwa nje waone kama kuna nafasi imepotea, wanagonga kuta, wakati mwingine wanakaa nyumba hiyo siku kadhaa wakimsubiri padri njaa imtoe. Owen alikamatwa 1606 akafia kwenye mateso pale Tower ya London, ngome iliyotumika kama gereza, na hakutaja shimo hata moja.

Na kuna mama mmoja wa York, Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama. Alishtakiwa 1586 kwa kuficha mapadri, akakataa kujibu mashtaka, maana kesi ingeendeshwa watoto wake wangelazimishwa kutoa ushahidi. Adhabu ya kukataa kujibu ilikuwa kulazwa chini, unawekewa mlango juu yako, juu ya mlango yanapangwa mawe mpaka ukate roho. Wakamfanyia hivyo. Shikilieni hilo jina York, ndiko alikozaliwa Guy Fawkes, na mwaka huo dogo alikuwa anafikisha 16.

Mlinzi_wa_Lango

Mkuu unaegemea upande mmoja. Wapuritani wao walikula bata?

Mtunza_Kumbukumbu

Nilikuwa nakuja huko, tulia.

Wapuritani walikuwa ndani ya kanisa la Uingereza humo humo ila wanaona mageuzi yameishia njiani. Walitaka yaondoke yote yanayonukia Roma, kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba kwenye ubatizo, pete ya ndoa, kuinama likitajwa jina la Yesu. Wenye msimamo mkali zaidi wakataka na maaskofu waondoke, kanisa liendeshwe na mabaraza ya wachungaji na wazee. Hapo ndo malkia alipoacha kucheka nao. Mwaka 1579 kuna mwanasheria Mpuritani anaitwa John Stubbs aliandika kijitabu kupinga Elizabeth asiolewe na mdogo wake mfalme wa Ufaransa ambaye ni Mkatoliki. Akakatwa mkono wa kulia hadharani, panga limewekwa kwenye kiungo likagongwa kwa nyundo. Jamaa baada ya kukatwa akavua kofia kwa mkono wa kushoto uliobaki, akapaza sauti Mungu amlinde malkia, akazimia.

kijana_wa_Keko

😂😂 huyo Stubbs ndo chawa wa kwanza duniani, mkono umeenda na bado anasifia

Mtunza_Kumbukumbu

Cheka ila mtazame vizuri. Yule hakuwa anajipendekeza, Wapuritani wengi waliamini kabisa wanamtii malkia na wanampinga kwa faida yake. Waliojitenga kanisa moja kwa moja hawakupewa hata nafasi ya kusifia, Henry Barrow na John Greenwood walinyongwa Aprili 1593, na John Penry akafuata mwezi uliofuata.

Sasa aingie James.

Huyu mama yake ni Mary malkia wa Scotland, Mkatoliki, aliyekatwa kichwa 1587 kwa amri ya Elizabeth. Mtoto alikuwa mfalme wa Scotland tangu ana miezi 13, akalelewa na Waprotestanti wa msimamo mkali, mwalimu wake George Buchanan alikuwa anamchapa kweli kweli na kumfundisha kwamba mfalme akiwa dhalimu wananchi wana haki ya kumwondoa. Somo hilo dogo alilikariri vizuri halafu akalichukia maisha yake yote. Mwaka 1596 mchungaji Andrew Melville alimshika mkono wa joho pale Falkland, akamwambia yeye ni mtumishi dhaifu tu wa Mungu na kwamba Scotland ina wafalme wawili na falme mbili, kwenye ufalme wa Kristo ambao ni kanisa James si mfalme wala bwana, ni muumini kama wengine. Jaribu kumwambia hivyo mkuu yeyote wa wilaya leo uone.

Kwa hiyo anafika London 1603 baada ya Elizabeth kufariki Machi 24, kila upande unamsubiri kwa hamu. Wapuritani wanajiambia huyu kalelewa na watu wetu. Wakatoliki wanajiambia mama yake kafa shahidi wetu. Na yeye hakumkatisha tamaa mtu. Thomas Percy alikuwa ametumwa Scotland na bwana wake, mkuu wa Northumberland, akarudi anawaambia Wakatoliki kwamba mfalme mpya ameahidi unafuu. Wapuritani nao walimkabidhi ombi akiwa bado njiani kuja London, wakisema lina nyuma yake wachungaji 1000, na akawakubalia kikao. Kweli faini za Wakatoliki zikalegezwa mwaka huo wa kwanza.

Kikao kikafanyika jumba la Hampton Court Januari 1604, siku tatu. Siku ya kwanza Wapuritani hawakuingizwa, mfalme aliongea na maaskofu tu. Siku ya pili wakaingia wanne, kiongozi wao John Rainolds wa Oxford, msomi mpole kabisa. Askofu Bancroft wa London akapiga magoti kuomba watu hawa wasisikilizwe kwa sababu ni wapasua kanisa, James akamkaripia kwa kukatiza mazungumzo. Mpaka hapo upepo mzuri. Halafu Rainolds akagusia maaskofu washirikiane na baraza la wazee, akatumia neno lile lile la Waskoti, presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee la kina Melville. Mfalme akalipuka. Akasema baraza la namna hiyo linaendana na ufalme kama Mungu anavyoendana na shetani, eti Jack na Tom na Will na Dick wakutane wanijadili mimi na baraza langu. Na akatoa ile kauli yake, hakuna askofu hakuna mfalme. Wakati anatoka akasema wasipofuata utaratibu atawafukuza nchini.

Lakini humo humo Rainolds aliomba tafsiri mpya ya Biblia, na hilo James akalidaka juu kwa juu. Kwanini? Kwa sababu Biblia iliyokuwa inasomwa majumbani ni ile ya Geneva, tafsiri ya Kiingereza ya Waprotestanti, na ilikuwa na maelezo pembeni. Kutoka 1:19, pale wakunga Waebrania walipomdanganya Farao, maelezo yanasema kutotii kwao kulikuwa halali. Yaani kitabu kiko kila nyumba kinamwambia raia kuna siku kumgomea mfalme ni sawa! Kwenye 2 Mambo ya Nyakati 15:16 Mfalme Asa alimvua mama yake umalkia, maelezo yanalalamika kwamba alitakiwa amuue kabisa. Mkumbukeni mama wa James. Tafsiri mpya ikakatazwa kuwa na maelezo ya aina hiyo, wakafanya kazi watafsiri 47, Rainolds mwenyewe akiwemo mpaka alipofariki 1607, ikatoka 1611. Kwa hiyo wale wa uzi wa jana, mfalme hakuandika hata mstari, na hoja yake kubwa ilikuwa yale maelezo ya pembeni.

Mjukuu_wa_Kibokoni

Hapa Mombasa tunasoma. Kwa wanaodhani haya mambo yalikuwa mbali nasi, yule Philip wa Pili wa Hispania aliyetuma manowari 1588 kumpindua Elizabeth, tangu 1580 ndiye alikuwa mfalme wa Ureno pia. Ngome yetu ya Fort Jesus ilipoanza kujengwa 1593 ilikuwa chini ya utawala wake. Meli zimemshinda kule, huku akajenga ngome.

Mtunza_Kumbukumbu

Asante sana ndugu yangu, hiyo nilikuwa sijaiweka na inanyoosha njia, maana Wakatoliki wa Uingereza macho yao yote yalikuwa Hispania.

Februari 1604, mwezi mmoja tu baada ya Hampton Court, James akatoa tangazo mapadri wote waondoke nchini. Faini zikarudi. Machi akahutubia Bunge, akaliita kanisa la Roma kanisa mama ingawa limechafuka, halafu akawasema Wapuritani kwamba hatutofautiani nao sana kwenye imani, shida yao ni kutaka usawa na mvurugo kwenye uongozi. Mnaona? Anapima watu kwa utii. Agosti Hispania wakasaini naye amani na Wakatoliki wa Uingereza hawakuambulia kitu kwenye ule mkataba, yaani waliyemtegemea kawaacha kwenye mataa.

Kuna watu hawakusubiri mpaka huko. Mei 20, 1604 walikutana watano kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Strand, Robert Catesby ndo mwenye wazo, Thomas Wintour, John Wright, huyo huyo Thomas Percy aliyeleta ahadi, na Guy Fawkes, mwanajeshi aliyepigana Flanders (Ubelgiji ya leo) upande wa Wahispania na anayeijua baruti. Baadae wakafika 13. Machi 1605 Percy akapanga chumba cha stoo kilichokuwa chini kabisa ya ukumbi wa Malodi, Fawkes akajifanya mtumishi wake kwa jina la John Johnson, wakajaza mapipa 36 na kuyafunika kuni. Bunge likawa linaahirishwa kwa sababu ya tauni mpaka Novemba 5.

Oktoba 26 jioni, Lodi Monteagle, naye Mkatoliki, yupo Hoxton anakula chakula cha usiku, mtumishi wake analetewa barua na mtu asiyemjua barabarani. Monteagle akampa mtumishi mwingine aisome kwa sauti pale pale mezani. Haina jina, inamshauri atafute kisingizio asiende bungeni kwa sababu Bunge litapata pigo kubwa na hawatamwona anayewapiga. Akaipeleka kwa Robert Cecil, mshauri mkuu wa mfalme. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Sir Thomas Knyvet na watu wake wakashuka stoo wakamkuta Fawkes kavaa kabisa na buti na vyuma vya kisigino vya kuhimizia farasi, mfukoni ana utambi.

Alivyohojiwa hakuwa na woga, alisema nia ilikuwa kuwarusha Waskoti ombaomba warudi kwenye milima yao. James akaandika kwa mkono wake kwamba aanze kuteswa kwa mateso mepesi kisha taratibu yaongezwe. Sahihi zake zipo mpaka leo, ya kwanza imeandikwa na mtu mwenye mkono imara, ya baada ya mateso ni mikwaruzo tu, Guido, jina la ukoo limemshinda.

Wenzake walikimbilia Staffordshire kwenye nyumba ya Holbeche. Baruti waliyokimbia nayo ililowana mvua, wakaianika mbele ya moto. Ndio, baruti, mbele ya moto. Ikalipuka ikawaunguza, John Grant akapofuka macho, kesho yake askari wa Worcester wakaizingira nyumba, Catesby na Percy wakafa inasemekana kwa risasi moja.

kijana_wa_Keko

Wataalamu wa milipuko wanaanika baruti motoni?? Mkuu hii umetunga

Mtunza_Kumbukumbu

Sijatunga mdogo wangu, mtaalamu wao alikuwa ameshakamatwa London.

Mlinzi_wa_Lango

Mimi nimewahi kusoma kwamba Cecil ndiye alipanga mchezo mzima ili apate sababu ya kuwabana Wakatoliki. Barua haina jina, inasomwa mezani mbele ya watu, mtego unakamata usiku wa mwisho kabisa. Hiyo ni kazi ya usalama wa taifa.

Mtunza_Kumbukumbu

Nadharia hiyo ipo na ina wazee wake. Mimi nakubali nusu, kwamba barua ilivyofika na ilivyotumika kuna mkono wa mtu mjanja, wengi wanamshuku Francis Tresham ambaye alikuwa shemeji wa Monteagle na mmoja wa wale 13. Ila kusema Catesby hakuwa na nia siwezi, mtu aliyetungiwa kesi hakimbilii mikoani kukusanya farasi na silaha na kuita watu waasi. Cecil aliukuta moto akautumia kuotea, moto wenyewe hakuuwasha yeye.

Na angalia James alivyofanya. Novemba 9 anahutubia Bunge, watu wana hasira, anasema si Wakatoliki wote wana hatia, wengi ni raia wema. Kisha kwenye hotuba hiyo hiyo anawageukia Wapuritani, anasema ukatili wao wa kuamini kwamba hakuna Mkatoliki hata mmoja atakayeokoka unastahili moto. Siku nne baada ya kunusurika na mabomu ya Wakatoliki, bado anawapiga kijembe Wapuritani!

Walionyongwa Januari 30 na 31, 1606 ni nane, kwa utaratibu wa kunyongwa kisha kupasuliwa. Fawkes alikuwa wa mwisho, shingo ikavunjika kwenye kamba akafa hapo hapo, hayo mengine hakuyaonja. Padri Henry Garnet wa Wajesuiti akafuata Mei, yeye alijua kupitia maungamo na akasema hakuweza kufunua siri ya kitubio.

Baada ya hapo kikaja kiapo cha utii cha 1606, na kwangu mimi hapa ndo kiini cha uzi. Hakikumtaka Mkatoliki akane misa wala Bikira Maria. Kilimtaka aape kwamba fundisho la kuwa mfalme aliyetengwa na Papa anaweza kuondolewa au kuuawa na raia zake ni la kumkufuru Mungu na la uzushi. Padri mkuu wao nchini George Blackwell akaapa. Papa Paulo wa Tano akakataza. Kadinali Bellarmine akamwandikia Blackwell kumkaripia, mfalme mwenyewe akashika kalamu akaandika kitabu kumjibu. Wakatoliki wakagawanyika vipande viwili, na nadhani James hilo hakulijutia.

Bi_Mkubwa74

Marahaba mwanangu. Na wale aliosema atawafukuza?

Mtunza_Kumbukumbu

Bancroft akapandishwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury, sheria mpya za kanisa zikapita 1604, wachungaji kama 80 wakapoteza kazi kwa kugoma kusaini. Kikundi cha kijiji cha Scrooby kilichojitenga na kanisa wakatorokea Amsterdam 1608, wakahamia Leiden, na 1620 baadhi yao wakapanda meli ya Mayflower kwenda Amerika pamoja na wengine, jumla abiria 102. Wengi zaidi walibaki wakakaza meno. Mwaka 1618 akawachokoza tena, akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada ruksa kucheza ngoma na kupiga mishale, wakati kwao Jumapili ni ya Mungu kuanzia alfajiri mpaka usiku. Hayo yote mwanae Charles aliyarithi, akaoa Mkatoliki kutoka Ufaransa, akawabana Wapuritani kuliko baba yake, na 1649 Bunge likamkata kichwa.

padre_wa_Muheza

Mleta uzi mada imetulia. Niongeze kwamba hiyo vita ya kanzu ilifika mpaka huku. Anglikana ya Zanzibar, Tanga na Masasi ililetwa na UMCA, wamisionari Waanglikana wa mrengo ulio karibu na Ukatoliki, ukiingia unakuta ubani, misa na padre, mgeni anadhani Roma. Anglikana ya Dodoma na ya Kenya ililetwa na CMS, wamisionari Waanglikana wa mrengo wa Kiprotestanti zaidi, wao mambo ya ubani hawataki kusikia. Mwaka 1913 maaskofu wa Mombasa na Uganda walikaa kikao na Waprotestanti wengine pale Kikuyu kwenye misheni ya Waskoti wa Presbiteri, wakashiriki meza ya Bwana pamoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia akawashtaki kwa uzushi kwa askofu mkuu wa Canterbury. Baraza la wazee la Waskoti tena, miaka 300 baadae!

Mlinzi_wa_Lango

Padre umeua. Mimi nimezaliwa Dodoma nikaoa Masasi, Jumapili ya kwanza ukweni nilidhani nimepelekwa kanisa la watu.

kijana_wa_Keko

Swali la mwisho mkuu, leo hii Mkatoliki anaweza kuwa mfalme Uingereza?

Mtunza_Kumbukumbu

Hapana. Sheria ya 1701 ilimzuia Mkatoliki na hata aliyeoana na Mkatoliki. Mwaka 2013 wakapitisha sheria ya kulegeza hapo kwenye ndoa, ikaanza kutumika 2015, kwa hiyo mfalme kuoa Mkatoliki ruksa. Yeye mwenyewe kuwa Mkatoliki bado marufuku.